Betri ya Pili ya Kombi ya Kliniki

Mimi kazi Kibaha nilianza kwa fyekeo. Nasema mapema ili mtu asije akadai nimeficha. Shule niliishia darasa la tatu, baba akafa, nikashika jembe, na nchi ilipopata uhuru nilikuwa kijana wa ndevu za kuhesabu, nafyeka majani kwenye viwanja vya wakubwa. Kutoka fyekeo nikaenda kuosha magari. Kutoka kuosha nikaenda kuziba pancha, na kutoka pancha nikapata leseni. Hakuna aliyenishika mkono. Nilitazama mikono ya watu wanaojua, nikafunga mdomo, nikajua. Kwa hiyo siku mkuu wa usafiri aliponiambia nitarudi kwenye fyekeo, kisha akaenda stoo yeye mwenyewe, akalichukua na kulisimamisha nyuma ya mlango wa gereji nilione kila asubuhi, alijua vizuri ananipiga wapi.

Yote hayo kwa ajili ya betri.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita, sabuni ya foleni, mafuta ya kibali, spea ya gari unaisikia tu kwa jina. Mzungu mmoja na mkewe waliokuwa wakifundisha pale kwetu, shirika lenye shule na hospitali yake, walimaliza mkataba wakaondoka, wakaacha Kombi yao. Haikuwa Kombi ya kupakia watu. Wale walikuja nayo kwa barabara kutoka kwao, wakila humo na kulala humo. Ndani ilikuwa na kitanda cha kukunja, beseni dogo lenye bomba la kupampu kwa mkono, kabati, mapazia ya maua, na friji ndogo kama sanduku la bati. Wakubwa wakaamua iwe gari la kliniki ya watoto wachanga. Kitandani Sista, muuguzi wa kliniki, akae na mizani yake, ndani ya friji zikae dawa za chanjo. Nikapewa mimi niiendeshe, maana madereva wenye vyeti waliona haya kuonekana kwenye gari lenye mapazia. Mimi sikuona haya. Gari ni gari.

Sasa Kombi ile ilikuwa na betri mbili. Injini yake iko nyuma. Kulia kwa injini kuna betri ya kuwashia gari, kushoto kuna betri ya pili, ambayo kazi yake ni friji na taa za ndani, basi. Zote mbili zinachajiwa na dinamo moja wakati gari linatembea. Katikati yao palikuwa na kadude kadogo ka bati, mafundi wanakaita rilei. Injini ikiwaka, rilei inaziunganisha betri zile ili zote zipate chaji. Injini ikizimwa, inazitenganisha, ili friji itumie betri yake peke yake na isiguse ile ya kuwashia. Pale gereji hakuna aliyesema betri ya kwanza na ya pili. Ilikuwa bi mkubwa na bi mdogo.

Sista hakuyapenda majina hayo. Alikuwa mwanamke wa bara, mrefu, mwenye maneno machache, na hayo machache alikuwa ameyanoa.

Asubuhi moja alifungua friji, akashika chupa za dawa, akaniita. "Dereva, bi mdogo wako leo hajala?"

"Anakula barabarani, Sista. Dinamo ndiyo mume, inawalisha wote."

"Basi mume ameacha kuhudumia. Dawa zangu ni vuguvugu."

Nikafungua nyuma. Rilei ilikuwa imeungua, nyeusi kama ukoko wa ugali. Nikampelekea fundi wa umeme wa gereji, kijana aliyesoma chuo, suruali yake ina mkunjo hata chini ya gari. Akainusa, akaigeuza, akaniambia, "Hii inaagizwa nje."

"Itafika lini?"

"Nchi ikipata fedha za kigeni."

"Haitengenezeki?"

"Haitengenezeki. Wewe endesha tu, Baba. Umeme waachie waliousomea."

Jioni, watu wakiwa wameondoka, nikachukua kipande cha waya mnene wa trekta lililokufa, nikaunganisha betri mbili zile moja kwa moja, kichwa kwa kichwa. Nikawasha. Bi mdogo akaanza kuchaji. Nikajiona mtu.

Alhamisi tukaenda Kibuta, upande wa Kisarawe. Kutoka Kibaha kwa barabara ya wakati ule ni mwendo wa saa mbili na zaidi, mchanga hapa, mashimo pale, na dinamo inafanya kazi njia nzima. Tulifika friji ikiwa baridi mpaka Sista akanitazama kwa jicho zuri. Akina mama walikuwa wamejaa. Wengine wametoka na watoto mgongoni tangu alfajiri, wanatembea. Sista akapima, akachoma sindano, akaandika kadi mpaka adhuhuri. Alipofunga mizani yake nikakaa kwenye kiti, nikageuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Hata hiyo tik haikuja.

Waya wangu ulikuwa umefanya kazi yake vizuri mno. Injini ilipozimwa, betri zilibaki zimeungana, na friji ilikula bi mdogo ikammaliza, ikaingia kwa bi mkubwa ikammaliza na yeye. Mahali lilipoegeshwa gari palikuwa bondeni, kwenye mchanga, hapasukumiki. Tukatafutiwa trekta la kijiji. Likatuvuta mpaka nyumbani, na tulipopita Kisarawe sokoni watu wakatoka kwenye vibanda. Mwuza nyanya mmoja akauliza, "Bibi harusi anapelekwa wapi huyo?" Kwa sababu ya mapazia. Sista akayafunga mapazia, ikawa vibaya zaidi.

Mkuu wa usafiri alitusubiri uani. Alikuwa mtu mzima, mnene, si mtu wa kelele. Aliutazama ule waya wangu akamtazama fundi wa chuo, fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Nakupa safari mbili za Kibuta," akaniambia. "Trekta likikuvuta tena, Kombi inakwenda Dar ikawe gari la ofisi. Wameshaiomba. Na wewe unarudi ulikotoka."

Sista akauliza, "Na wale wa Kibuta?"

"Watakuja kwa miguu."

"Na mtoto mgongoni, kutoka Kibuta mpaka hapa?"

"Sista, mimi natunza magari."

"Barafu je?" akasema fundi. "Wabebe barafu kwenye chupa." Sista akamwambia barafu amekwisha kuijaribu, inafika Kibuta maji ya kunywa. Mkuu akaenda stoo akarudi na fyekeo.

Watu wengine wakitishwa hulala na mawazo. Mimi nilikwenda kumtafuta mwenye mashine ya kukoboa aliyekuwa karibu na Mlandizi, mzee mmoja wa pale pale ambaye mashine yake ilikuwa imekufa miaka. Nilikuwa nimekwisha kuona ukutani kwake swichi kubwa ya zamani, ya ulimi wa shaba, unaushusha kwa mkono unaingia kwenye mdomo wake, unaupandisha unatoka. Nilimwamkia, nikamweleza. Alisikiliza kwa subira habari zote za bi mkubwa na bi mdogo.

"Kwa hiyo unataka kuwawekea mlango katikati," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi nina wawili, mwanangu. Mlango peke yake hautoshi." Lakini swichi akanipa, na hakutaka kitu. Mpini wake wa kigae ulikuwa umevunjika, umebaki ulimi mtupu.

Niliifunga kwenye ubao nyuma ya kiti changu, chini, pembeni mwa mlango. Nikatoa nyaya nene mbili kutoka kwenye betri, nikazipitisha chini ya kitanda mpaka kwenye swichi. Nilipima kila kiungo kwa balbu ya taa ya nyuma iliyofungwa nyaya mbili, ndiyo hospitali yangu ya umeme mpaka leo. Betri zenyewe nikazijaza maji ya mvua niliyokinga kwenye chupa, si ya kisima, maana maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chumvi ni sumu ya betri. Halafu nikajiwekea sheria. Ukiwasha, subiri taa nyekundu ya dashibodi izimike, hapo ujue dinamo inatoa moto. Shusha ulimi, betri zinaungana, zinakula pamoja. Ukifika, kabla ya kuzima gari, pandisha ulimi. Sheria ya mistari miwili. Hata mtu wa darasa la tatu anaiweza.

Alhamisi iliyofuata sikuiweza.

Nieleze ilivyokuwa, maana wa mjini hataelewa. Kibuta gari likifika, wazee wanakuja. Hawaji mmoja, wanakuja na mwenyekiti wa kijiji mbele, kanzu safi, bakora, na wanasimama kando ya gari. Mzee amesimama juani anakungoja. Wewe utakaa kitini umeinama, umempa mgongo, unapapasa chini ya kiti? Kwetu hata kumwamkia mzee ukiwa dirishani ni kumtukana. Nikazima, nikachomoa ufunguo, nikafungua mlango, nikashuka haraka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Habari za Kibaha?"

"Njema."

"Nyumbani?"

"Njema."

"Mvua huko?"

"Kidogo."

"Huku imetukimbia. Mihogo imekuwa kama vidole. Na yule mke wako aliyekuwa na mguu?"

"Mguu umepona, Mzee, alhamdulillahi."

Na wa pili, na wa tatu, na wa nne. Halafu madafu. Halafu kuoneshwa kivuli cha kukaa. Ulimi wa shaba uko chini pale pale, na mimi nimekaa nakunywa dafu kama mtu aliyemaliza kazi.

Adhuhuri, tik.

Safari ile nilikuwa nimeegesha kwenye mteremko, hiyo akili nilikuwa nayo. Akina mama wakafunga kanga vizuri, watoto mgongoni, wakaja nyuma. Sista akavua saa, akasukuma. Mwenyekiti akaweka mkono mmoja kwenye bampa, wa pili una bakora, ili isije ikasemwa hakusukuma.

"Dereva," mama mmoja akasema, "tumekuja kuchanja watoto au kuchunga gari?"

"Vyote, mama. Sukuma."

"Wiki ijayo tulete na kamba?"

Mara ya tatu ikashika. Nikaondoka bila kuzima tena mpaka Kibaha. Tukapita Kisarawe. Pale Sista akasema, "Trekta halikutuvuta."

"Halikutuvuta."

"Akiniuliza nitasema hivyo. Ni kweli." Akainua mguu akanionesha kiatu. Kamba ya kisigino ilikuwa imekatika. "Hiki nitasema niligonga jiwe. Mara moja tu, Dereva. Sina kiatu kingine, na sina uongo mwingine."

Imebaki safari moja. Nilijikasirikia siku mbili, nikajitukana kila tusi ninalolijua. Siku ya tatu nikaacha, kwa sababu niliona natukana mtu asiye na kosa. Mkono wangu haukusahau kwa uzembe. Ulitangulia kwenye heshima, na safari ijayo wazee watakuwepo tena na mimi nitaruka tena kitini vile vile. Ningejifunza kukaa na kupapasa swichi mzee amesimama, ningekuwa mtu mwingine, na mtu huyo sikumtaka. Kwa hiyo sheria yangu ilikuwa mbovu. Ilitaka nikumbuke kitu wakati ule ule ambapo mtu mwenye adabu hakumbuki kitu.

Nikauliza swali kwa upande wa pili. Kabla sijamwamkia mzee, ni jambo gani nalifanya lazima, nikumbuke nisikumbuke?

Nafungua mlango.

Ndipo nikatafuta waya wa breki ya baiskeli. Swichi nikaipindua, ikae ubavuni, ulimi ukivutwa upande wa mlango utoke. Ncha moja ya waya ifungwe kwenye ulimi, ncha ya pili kwenye mlango, urefu wa kutosha ili mlango ukifungwa waya ulegee, ukifunguliwa ukaze na kuung'oa ulimi mdomoni. Kuunganisha ni kwa mkono, baada ya kuwasha. Kutenganisha ni kwa mlango. Nikisahau kuunganisha, bi mdogo atalala njaa siku moja, dawa ziharibike, nilaumiwe kwa hilo. Lakini kuondoka tutaondoka.

Kilichobaki ni mpini. Ulimi wa shaba ukipitisha chaji muda mrefu unapata moto, hushiki kwa vidole, na waya wa breki ni chuma, siwezi kuufunga kwenye shaba yenye umeme ukagusane na mlango. Panahitajika mti mkavu, mgumu, usiopasuka ukitobolewa. Nilijaribu kipande cha sanduku kikapasuka. Nikajaribu fito, mbichi. Nikasimama katikati ya gereji nikiangaza macho, na nyuma ya mlango lilikuwepo fyekeo. Mpini wake mti mzuri, umekauka miaka, umelainishwa na viganja vya watu. Inawezekana na vyangu vilikuwemo.

Nilichukua msumeno.

Fundi wa chuo alitoa kichwa chini ya lori. "Baba, hiyo ni mali ya ofisi."

"Na Kombi ni mali ya ofisi. Naihamisha tu."

"Akikurudisha kwenye majani utafyeka na nini?"

"Sirudi," nikamwambia, na nikaendelea kukata. Nilikata shibiri moja, nikachonga, nikatoboa tundu mbili, nikafunga. Akaja akachuchumaa, akafungua mlango wa Kombi, akafunga, akafungua. Tak. Tak. Hakusema ni nzuri. Aliuliza, "Nani amekuchorea?"

"Kuna mtu anachora mlango?"

Safari ya mwisho mkuu wa usafiri akasema anakuja mwenyewe. Akakaa mbele, kushoto, kofia magotini. Nikawasha, taa nyekundu ikazimika, nikapeleka mkono nyuma ya kiti nikasukuma ulimi ndani. Alitazama. Njiani nilizungumza habari za barabara tu.

Kibuta walikuwa wamepata habari kwamba mkubwa anakuja, basi wazee walikuwa mara mbili, na wengine niliwaona siku ile tu. Mwenyekiti mbele. Na mimi, wallahi, na maandalizi yote yale, nilipomwona amesimama juani kila kitu cha swichi kikanitoka kichwani. Nikazima, nikafungua mlango, nikaruka. Nyuma yangu nikasikia, tak. Nikaendelea kuamkia.

Siku ile watoto walikuwa wengi, kliniki ikapita adhuhuri. Sista alipotoa chupa ya mwisho akaiweka kwenye kiganja cha mkuu. Mkuu akaishika, akabadilisha mkono.

"Baridi," akasema.

"Ndiyo kazi yake," Sista akajibu.

"Nipe ufunguo," mkuu akaniambia. Akazunguka, akakaa kwenye kiti changu, akaegemea kama mtu aliye kwake. Akina mama walikuwa wamekwisha kujipanga nyuma ya Kombi, kanga zimefungwa, wamezoea. Akageuza. Injini ikashika mara ile ile. Akazima. Akawasha tena. Akazima. Mara ya tatu nikamwambia, "Mkuu, unamchosha bi mkubwa."

Mama yule wa kamba akasema, "Kumbe leo hatuna kazi," wakatawanyika.

Tukarudi Kibaha. Mkuu alishuka uani, akaingia gereji kwa hatua zake za taratibu, akaangalia nyuma ya mlango. Palikuwa na bamba la chuma limelala chini, na kipande cha mpini.

"Fyekeo liko wapi?"

"Lilikuwa mgongoni kwako, Mkuu, ulipokaa kwenye kiti changu."

Alirudi kwenye Kombi. Akafungua mlango, akainama kwa taabu na tumbo lake, akaugusa ule mti. Akafunga, akafungua. Alikaa ameinama muda, sijui alikuwa anatazama waya au anatafuta pumzi. Aliposimama akasema, "Stoo watadai. Andika barua ya kuomba fyekeo jipya."

"Kuandika kwangu ni shida, unajua."

"Basi sema, niandike mimi."

Tukaenda mezani kwake. Nikasema na yeye akaandika, kwamba fyekeo moja limeharibika kazini, njia ya Kibuta, na linaombwa lingine. Akauliza, "Kwa matumizi ya nani?"

"Yeyote," nikasema, "asiye mimi."

Akaandika hivyo hivyo, nikaweka dole gumba. Barua ya kuiomba Kombi iende Dar ilikuwa pale pale mezani, chini ya jiwe. Aliitoa, akaigeuza upande wa nyuma usioandikwa kitu, akaanza kupiga hesabu ya mafuta ya Alhamisi.